Daktari wa Mwaka wa Nne

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la chumba cha figo, miguu imekuvimba na mdomo una ladha ya msumari, basi nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Sitakueleza figo hufanyaje kazi, kwa sababu nilielezwa mara nyingi na bado sijaelewa sawasawa. Nitakueleza tu yaliyonipata mimi Nyambura, mshona mikoba ya ngozi katika soko la Kariokor, mwaka ule mvua ndefu zilipofurisha mitaro ya Shauri Moyo na kipindupindu kikaingia mtaani kwetu.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikunywa chai, nikatembea hadi sokoni kama siku zote. Kufikia saa nne tumbo lilikuwa linanguruma. Nilikwenda chooni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne sikufika. Nilisimama katikati ya wauza mikanda huku maji yakinitiririka miguuni, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Mwanamke wa meza ya jirani alivua leso yake akanifunga kiunoni. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, na sikuwahi kufikiri kwamba mwili wangu ungeweza kuniaibisha hivyo mbele ya watu.

Mume wangu Josphat alikuja kunichukua pamoja na binti yetu Shiru. Josphat ni fundi wa masanduku ya bati, yale ya watoto wa shule za bweni. Amegonga nyundo miaka mingi hadi masikio yamekufa nusu, kwa hiyo huongea kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya barabara. Njia nzima alikuwa akinipigia kelele, "Mama Shiru, usilale! Mama Shiru, niangalie!" Nami nilitaka kumwambia namwangalia, lakini ulimi ulikuwa umekauka kama kipande cha ngozi.

Hospitali ilikuwa imejaa pomoni. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko wauguzi, na baadhi ya wauguzi wenyewe walikuwa wameugua. Kwenye uwanja wa kuegesha magari yalikuwa yamesimamishwa mahema matatu meupe. Mlangoni pa kila hema palikuwa na kamba ya kuzuia jamaa wasiingie, na mtu wa kunyunyiza klorini kwenye viatu vya kila apitaye. Shiru alinibusu kipaji cha uso, akakatazwa, akarudishwa nyuma. Nikaingizwa peke yangu.

Kitanda cha kipindupindu, kama hujakiona, ni turubai lenye tundu katikati, na chini ya tundu kuna ndoo. Unalazwa uchi kuanzia kiunoni, umefunikwa shuka, na kila kitu kinachotoka mwilini kinaanguka ndooni, ukitaka usitake. Mtu anakuja, anatazama ndoo, anaandika, anaondoka. Siku ya kwanza nililia kwa aibu. Kisha machozi nayo yakaisha, si kwa sababu nilizoea, ila kwa sababu mwilini hamkubaki maji ya kutengenezea machozi.

Aliyekuja kunitia sindano alikuwa msichana mwembamba aliyevaa koti fupi jeupe, barakoa na miwani ya plastiki. Nilichokiona ni macho tu.

"Mama, naitwa Atieno," alisema. "Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Tumeletwa kusaidia. Nitakutafutia mshipa."

Alitafuta mkono wa kulia, hakupata. Alitafuta wa kushoto, hakupata. Mishipa yangu ilikuwa imelala kama uzi uliolowa. Alichoma mara nne. Kila mara alisema, "Pole mama, pole sana." Kutoka kwenye kamba, Josphat alikuwa akiona yote.

"Nani huyo?" alipaza sauti. "Huyo si ni mtoto wa shule! Leteni daktari! Mke wangu si daftari la kufanyia mazoezi!"

Hema zima lilisikia. Atieno hakugeuka. Alishuka hadi miguuni, akapapasa juu ya kifundo kwa muda mrefu, akachoma, na safari hii damu ikaonekana kwenye mrija. Akafungulia dripu. Nilihisi baridi ikinipanda mguuni, na nakwambia, hakuna kinywaji nilichowahi kunywa duniani kilichokuwa kitamu kama yale maji niliyonyweshwa kwa kifundo cha mguu.

Kwenye kitanda cha pili kutoka kwangu alilala mwanamke muuza mitumba wa Gikomba, wakimwita Mama Brayo. Aliletwa siku moja kabla yangu na alikuwa amepata nafuu kiasi cha kuongea. Jumapili asubuhi alinigeukia.

"Jirani, hata salamu huna?"

Nilifungua mdomo nikatoa upepo. Kipindupindu hula sauti. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Basi mimi nitaongea kwa niaba yetu wawili," alisema. "Hii kitu imenitoa hata chai niliyokunywa Krismasi." Akacheka, na nikacheka bila sauti, na kucheka kukanipa mkakamao wa misuli tumboni hadi nikauma shuka. Alinisimulia kuhusu watoto wake watatu na jinsi Brayo, kifungua mimba wake, alivyofaulu kuingia chuo cha ualimu. Alikuwa na uso mpana na pengo la meno mbele. Sikumjua zaidi ya siku moja na nusu.

Jumatatu adhuhuri ugonjwa ulimrudia kwa nguvu. Ndoo yake ilibadilishwa mara mbili ndani ya saa moja. Atieno alimtundikia dripu nyingine na kuifungulia iende mbio, kisha akaitwa upande wa mwisho wa hema ambako mtoto alikuwa amezimia. Daktari mmoja tu ndiye aliyekuwa akizunguka mahema yote matatu, na muuguzi aliyekuwa nasi alikuwa ameenda stoo kutafuta maji zaidi ya dripu, kwa maana ya kwetu yalikuwa yanaisha. Vitanda kumi na vinane vilibaki mikononi mwa msichana wa mwaka wa nne.

Niliiona dripu ya Mama Brayo ikiisha.

Nimesita sana kuandika hapa. Nililala ubavu, nikitazama ule mfuko ukinywea, matone yakipungua, kisha yakikoma. Mama Brayo alikuwa amefumba macho. Nilijaribu kuita. Nikatoa upepo. Nilijaribu kuinua mkono nipige chuma cha kitanda, mkono ukainuka kidogo ukaanguka. Nilijaribu kuangusha kikombe cha dawa ya chumvi na sukari kilichokuwa karibu na kichwa changu, kikaanguka kweli, lakini kilikuwa cha plastiki na mtoto kule mwisho alikuwa amezinduka na kuanza kulia, hakuna aliyesikia. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nilimtazama mwanamke aliyenichekesha akifa, umbali wa vitanda viwili, na sikuweza hata kutamka jina lake.

Atieno alirudi akikimbia na mfuko mpya mkononi. Aliutundika. Akamshika shingo kutafuta mpigo, akaita daktari kwa sauti kubwa, akaanza kumkandamiza kifua. Daktari alikuja, akapokea, baada ya muda akasimama, akataja saa aliyofariki, akaenda hema lingine. Alikuwa mzee wa nywele za mvi na macho mekundu, na simlaumu, kwa sababu nilimwona akipangusa uso kwa mkono wa koti alipokuwa akitoka.

Atieno aliketi kwenye katoni ya glavu. Hakulia. Alikuwa akitazama mikono yake kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali asipopakumbuka. Hakuna aliyemwambia pole. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, nilitaka kumwambia, "Mwanangu, si wewe, hata mimi niliona nikashindwa," na sikuwa na sauti.

Habari zilifika kwenye kamba kabla mwili haujatolewa. Josphat aliambiwa na mtu kwamba mwanafunzi amemwacha mgonjwa akafa. Alimngoja Atieno atoke kubadilisha glavu.

"Wewe!" alimwita, na sauti yake ile ikajaa uwanja mzima. "Umeua mama wa watu! Sasa unarudi kwa wangu? Usimguse mke wangu! Nenda shule ukamalize kusoma!"

"Baba, wacha," Shiru alikuwa akimvuta koti. "Baba, watu wanaangalia."

"Waangalie!"

Niliona kivuli cha Atieno kwenye turubai, amesimama wima, ameinamisha kichwa kama mtoto anayechapwa. Alivaa glavu mpya, akaingia, na mgonjwa wa kwanza aliyemjia alikuwa mimi.

"Mama," alisema polepole, "tangu uje hapa, umekojoa?"

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa sijafikiria. Mtu aliye kwenye hali ile hafikirii jambo hilo.

"Hata kidogo? Tangu Jumamosi?"

Nikatikisa tena. Kuhara kulikuwa kumepungua tangu asubuhi, dripu nyingi zilikuwa zimeingia, na watu waliokuwa wakinipita walikuwa wakiona mgonjwa anayepona. Atieno aliandika kwenye faili. Daktari alipopita alimwambia. Daktari alisema mwili ulikuwa umekauka mno, utarudi wenyewe, tusubiri. Jioni alimwambia tena. Akajibiwa vilevile, kwa haraka zaidi. Jumanne asubuhi alinikuta uso umevimba na pumzi inakuja kwa kukatika. Daktari alikuwa anatoka kwenda hema la wanaume, na nilimwona Atieno, huyu aliyetukanwa jana mbele ya kila mtu, akimkimbilia mzee yule na kumshika mkono wa koti.

"Daktari, tafadhali. Njoo umwone. Dakika moja tu."

Alikuja. Aliniangalia, akasoma faili, akanikandamiza mguu kwa kidole na shimo likabaki. Alimwambia muuguzi, si Atieno, "Huyu aende wodini sasa hivi. Figo zimesimama."

Wakanibeba. Nilipopitishwa mlangoni nilimwona Atieno ameshaegemea mgonjwa mwingine, mgongo wake umenielekea. Hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Nilitiwa mrija shingoni na kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Tangu hapo sikuhesabu tena siku kwa kalenda. Nilikuwa na Jumanne na nilikuwa na Ijumaa, saa nne kila mara, na siku zilizobaki zilikuwa za kungoja tu. Niliporuhusiwa kulala nyumbani, Shiru ndiye aliyenipeleka na kunirudisha. Alikuwa akisuka nywele kwenye saluni moja ya Makongeni. Aliiacha. Hakuniuliza wala hakunilaumu, lakini niliona vidole vyake vikisuka nyuzi za shali yangu tukiwa benchini, bila yeye kujua.

Benchi lile utalijua. Watu wanaosafishwa damu siku moja huwa kama jamaa. Mnajua nani amepungua uzito, nani amevunja sheria akanywa soda. Mtu akikosa kuja, hakuna anayeuliza. Mnasogea kidogo kujaza nafasi yake.

Mwili wangu ulikuwa si wangu. Miguu ilijaa hadi nikavaa makubazi ya Josphat. Ngozi iliniwasha hadi nikajikuna damu. Niliruhusiwa kikombe kimoja na nusu cha maji kwa siku nzima, na kiu ilikuwa kali hata nikaota mabomba. Shiru aligandisha maji kwenye friji ya kioski cha jirani na kuniletea vipande vidogo vya barafu vya kumumunya, kimoja kimoja, huku akijifanya haoni nikichukua cha ziada. Sukuma wiki aliichemsha, akamwaga maji, akaichemsha tena, ikawa haina ladha kabisa, na nikaila kwa sababu aliipika yeye. Harufu ya ngozi, ambayo imenilisha maisha yangu yote, ilinitapisha. Aliyenifunga leso sokoni alikuja kunisalimu siku moja, nikalazimika kumwomba akae mlangoni.

Nyumbani hapakuwa na amani. Majirani wa ploti walituogopa. Tulipokwenda kwenye bomba la pamoja walisubiri tumalize kabisa ndipo wasogee. Josphat aliwafokea. Kisha akaanza kufoka kuhusu hospitali, kuhusu wanafunzi, kuhusu yule msichana aliyenichoma mara nne. "Wangetupa daktari wa kweli," alisema kila siku, "figo zingekuwa nzima." Sauti ilikuwa imenirudia, lakini kila nilipojaribu kumweleza nilichoka katikati ya sentensi. Siku moja Shiru aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Baba, wewe unajua kupiga kelele tu. Ulikuwa kwenye kamba. Mathe hapa ndiye alikuwa ndani. Muulize yeye."

Josphat alitoka nje. Tulimsikia akigonga bati hadi giza likaingia. Kesho yake aliamka mapema, akachukua beseni langu la kutapikia, akaliosha mwenyewe kwa klorini, akalianika juani. Akafanya hivyo kila siku tangu hapo. Hakuniuliza chochote. Nilidhani asingeuliza kamwe.

Baridi ya Julai iliingia. Nilikuwa nimeunganishwa na mashine mara kumi na saba. Daktari wa figo, mwanamke mtulivu wa makamo, alituita ofisini sote watatu atueleze mambo yalivyo. Alisema hawezi kuahidi. Kuna figo huamka, kuna nyingine hulala moja kwa moja. Akawa anapekua faili langu kutoka mwanzo, akatulia kwenye ukurasa mmoja.

"Huyu mwanafunzi wa kwenye hema alikuwa nani?" aliuliza.

Nilimwona Josphat akijiandaa kufoka. Lakini daktari aligeuza faili ili tuone. Palikuwa na mwandiko mdogo, wa mtu mwenye haraka, na neno moja limerudiwa mara tatu, Jumatatu mchana, Jumatatu jioni, Jumanne asubuhi. Hajakojoa. Hajakojoa. Hajakojoa. La mwisho lilipigiwa mistari miwili chini.

"Asingeandika haya na kumleta daktari," alisema, "mngekuwa mmeshamzika mama kabla ya Alhamisi."

Josphat alimwomba arudie maneno hayo. Daktari alidhani hakusikia, akasema kwa sauti zaidi. Alikuwa amesikia. Tulipotoka aliketi kwenye ngazi za hospitali, na ndipo aliponiuliza, "Mama Shiru, ilikuwaje mle ndani?" Nikamweleza. Nikamweleza na juu ya Mama Brayo na ile dripu na kikombe cha plastiki. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Alinisikiliza hadi mwisho, uso ameuficha mikononi, na watu wakipanda na kushuka wakituzunguka.

Mwezi wa nane daktari aliamua nikose kipindi kimoja cha mashine, waone. Ilikuwa Ijumaa. Tulikaa nyumbani kama watu wanaongoja barua. Jumapili asubuhi, majirani wakiwa wameenda kanisani, nilienda kwenye beseni nikakojoa. Kidogo, kama nusu kikombe. Nilimwita Shiru, Shiru akamwita baba yake, na tukasimama watatu tukitazama mkojo kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Josphat alitaka kusema neno. Safari hii yeye ndiye aliyekosa sauti.

Sikupona kabisa, na sitakudanganya. Figo zangu zimerudi nusu. Ninakwenda kliniki kila baada ya miezi mitatu, chumvi nimeiaga, na nikitembea kutoka Shauri Moyo hadi Kariokor lazima nipumzike mara mbili. Ninashona tena, mikoba midogo. Bado ninaiona ile dripu. Nimekubali kwamba nitaiona siku zote.

Atieno tulimtafuta. Vuli ilipoanza Josphat alivaa shati la Jumapili, tukaenda kuuliza. Mahema yalikuwa yameondolewa na magari yameegeshwa palepale. Muuguzi mmoja alisema wanafunzi wale walirudishwa chuoni ugonjwa ulipopungua, na hakujua majina, kwa maana walikuja kwa makundi na kuondoka kwa makundi. Ofisini tuliambiwa kina Atieno ni wengi, jina la pili ni nani? Hatukuwa nalo. Sura yake? Sikuwahi kuiona, niliona macho tu. Tulikwenda hadi chuoni, bawabu akatuonyesha lango na kutuambia tungoje labda tutamtambua. Mimi ningemtambuaje?

Kwa hiyo, wewe uliye kitandani au jamaa yako aliye kwenye kamba, ninakuomba jambo hili moja. Akija mtu kukuhudumia, hata kama ana koti fupi, hata kama mkono wake unatetemeka, muulize jina. Majina yake yote. Ukishindwa kuongea, mwombe aandike.

Tuliketi pale langoni hadi saa saba, darasa lilipotoka. Walitoka wengi, wakicheka, wakiulizana chakula, wengi wao wasichana, makoti mafupi mikononi. Josphat alisimama. Nilidhani amemwona mtu. Alivua kofia, akajipanga kando ya njia, na kila aliyepita akamwambia, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara, "Asante, daktari. Asante, daktari. Nisamehe, daktari."

Wengine walicheka. Wengine walimwitikia kwa heshima, "Asante, mzee." Mmoja alisimama, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Lakini baba, mimi sijawahi kukuhudumia."

"Najua," alisema Josphat. "Lakini mwambie."

"Nimwambie nani?"

Josphat alibaki ameshika kofia hadi wa mwisho akapita.